Kwa Aukusti, Ninapokuachia Kazi

Aukusti, Ijumaa nakukabidhi programu hii
ya alama za masikio ya kulungu wa theluji.
Msimbo utausoma mwenyewe. Hili nakuandikia.

Mama Inkeri alikuza herufi,
akaupaka ukurasa rangi ya siagi:
macho yake yameshiba weupe wa nje.
Tukambadilishia kompyuta. Asubuhi
akakuta weupe uleule, herufi kama mayai ya chawa.
Hakulalamika. Alirudi kwenye daftari.

Mapendeleo yake nilikuwa nimeyafukia
ndani ya sajili ya Windows, yasikobebeka.

Basi: faili moja, maandishi matupu,
lisomeke hata sisi tusipokuwepo.
Andika alichobadilisha yeye tu.
Kila mfumo una chumba chake cha akiba;
uliza mwenyeji, usimwage vitu sebuleni.
Ukihifadhi, andika pembeni kwanza,
ukimaliza ndipo ubadilishe jina,
maana huku theluji huangusha nyaya za umeme
katikati ya sentensi.

Kulungu hukatwa sikio mara moja tu,
na popote aendako anajulikana ni wa nani.
Mama Inkeri ametuambia mara mbili
anavyotaka kuona.
Usingoje ya tatu.