Kufumua kwa Mwanga

Mama hushona kofia dirishani, Kuze,
saa tatu hadi saa sita, jua likiwa upande wetu.
Kila kitobo na duara lake la uzi.
Akikosea, vitobo viwili jirani hushikana,
vikawa jicho moja lenye makengeza,
naye hutia ncha ya sindano, akafumua.
Hasemi kitu. Harusi ya mtu itasubiri mkono.

Mimi kazi yangu ni viwavi.
Maabara ya Tudor, rafu ya pili, vikopo mia na ishirini,
na mchicha ninaoununua Kongowea kwa pesa yangu
marejesho yakikawia.
Kirusi tunachokipulizia shambani hakimdhuru mtu,
ni maradhi ya kiwavi peke yake.
Lakini jua la Kisauni hukimaliza kabla ya adhuhuri:
urujuanimno hupenya, huzikuta
herufi mbili za kinasaba zimekaa bega kwa bega,
huzigandisha, kitobo kwa kitobo,
hata ujumbe usisomeke.

Vipo vichache vyenye fundi wao.
Kimeng'enya. Hakikati, hakitii kiraka.
Hukaa juu ya jeraha gizani, kikingoja
mwanga wa buluu, ule wa asubuhi,
uliokuja msafara mmoja na muuaji;
kikiupata, hufumua. Basi.
Kila herufi hurudi kitini pake.

Nilipomweleza Mama alicheka.
"Kwa hiyo mwizi ndiye aliyeleta ufunguo?"
Nikamwambia hapana, si yule yule,
ni nduguye. Wametoka nyumba moja.

Na kiwavi aliyeugua hupanda.
Hushika ncha ya jani la juu kabisa,
huning'inia kichwa chini, akayeyuka mchana kweupe.
Zamani nikidhani ni wazimu.
Siku hizi nadhani fundi aliye ndani yake
ameomba dirisha.

Ijumaa daktari alimmulika: mtoto wa jicho, yote mawili.
Miaka arobaini ya kukodolea mwanga, alisema,
huenda jua nalo limechangia; ajiepushe nalo.
Mama aliitikia vizuri, akashukuru,
akanunua miwani myeusi pale pale nje, ya bei rahisi,
na tulipofika nyumbani akaivua
akasogeza kiti karibu zaidi na dirisha.

"Ya mjukuu wa Bi Shekue imebaki duara kumi na nne,"
alisema, akilamba uzi,
"na gizani mimi sifumui."