Kiingilio Hakuna

Jumapili moja tu kwa mwaka, majani ya Septemba yakianza kupukutika,
halmashauri hutoa kufuli kwenye lango la Shimo Namba Tisa
na kutundika kitambaa: KARIBUNI, KIINGILIO HAKUNA.
Mimi hukaa mlangoni na kidude cha kuhesabia watu.
Tik, mama na kigari cha mtoto. Tik tik, vijana wasiotaka kuja.
Tik, mwalimu mstaafu anayejua kila kitu na bado anauliza.
Uani wanauza maandazi ya tufaha, yuro mbili moja;
cha bure nacho kina gharama zake.

Ndani ni mabafu ya wachimba makaa, ukumbi mrefu kama kanisa
lisilo na madhabahu. Tazama juu:
nguo zinaning'inia darini kwa minyororo,
suruali, makoti, buti zilizofungwa kwa kamba zake,
kama watu waliopaa wakasahau kumaliza safari.
Kila mnyororo una namba, kila namba ilikuwa na mtu.
Alfajiri alitundika mavazi ya nyumbani, akayavuta juu,
akafunga kufuli, akashuka ardhini na ufunguo shingoni.

Saa tano na nusu akaingia Honorine Delplanque,
tik, mia mbili na kumi na nne,
miaka themanini na sita, mkoba mweusi, viatu vya kanisani.
Ameishi mita mia tatu kutoka hapa tangu aolewe,
hajawahi kulivuka lango. Wanawake waliishia kwenye uzio,
siku ya mshahara, na siku king'ora kilipolia.
"Mia nne thelathini na saba," akasema,
kama anayeagiza nyama buchani.

Thibaut, kijana wetu wa kuongoza wageni, akamwonyesha.
"Hiyo suruali mmeitoa wapi? Ina mkunjo wa pasi."
Mnadani, Thibaut akakiri, zote ni za mnadani.
"Kazimir hakuvaa mkunjo hata siku ya arusi."
Watu wakacheka. Yeye alikuwa anatazama mabomba,
mabomba manene yanayopita chini ya dari, safu kwa safu.
"Na hayo?"

"Ya mvuke, mama. Joto hupanda juu,
nguo zilizolowa mvua zikauke mchana kutwa.
Mtu akitoka shimoni usiku wa Januari
anavaa koti la moto kama mkate."

Kumbe.
Alilitamka mara moja, kwa sauti ya kufunga droo.

Kisha akakaa kwenye benchi, akaniambia mimi, si Thibaut,
pengine kwa kuwa mimi ndiye nilishika hesabu:
miaka ishirini na miwili Kazimir alirudi na koti la moto,
theluji ikiwa magotini, naye akilipokea mlangoni
alilipapasa mgongoni, kwapani, akanyamaza.
Koti halioti moto barabarani. Kuna jiko mahali.
Na jiko alilolijua lilikuwa la Odile, mkahawani pale kona,
Odile mwenye meno mazuri.
Hakuuliza. Alilitundika nje, kwenye msumari wa ukuta,
kila usiku, mpaka lipoe ndipo aliingize ndani.

"Naye hakusema kitu?"
"Alidhani ni desturi ya kwetu."

Kazimir ana miaka kumi na tisa kaburini.
Odile yu hai, nyumba ya wazee, ng'ambo ya mfereji;
Alhamisi husukumwa sokoni kwenye kiti cha magurudumu,
na Honorine hugeukia mizani ya viazi.

Nilitafuta neno la kumwambia. Kikundi kikawa kinaingia,
tik tik tik tik.
Nilipoinua kichwa alikuwa uani, kwenye foleni ya maandazi,
akisukuma sarafu kwa kidole kiganjani.
"Mawili," nilimsikia. "Hilo la pili nifungie vizuri."
Akaliingiza ndani ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni,
akashika njia ya darajani, mbio kuliko umri wake,
lisije likapoa.