Televisheni Chini ya Maua

Kompyuta nilikuwa nayo tayari:
kibodi nene ya rangi ya chai ya maziwa,
kitufe cha nafasi kimeng'aa kwa kidole gumba cha marehemu kaka.
Niliitoa kabatini, Miskolc, Novemba,
nikaichomeka kwenye kioo changu kipya, bapa, kipana kama mlango.
Kioo kikaniandikia: HAKUNA ISHARA.

Uongo. Ishara ilikuwapo.
Mashine ilikuwa inasema, ila kwa mwendo wake,
mistari elfu kumi na tano na ushei kwa sekunde,
na vioo vya siku hizi havisikii
mpaka uvipigie elfu thelathini na moja.
Mmoja hajui kukimbia, mwingine hajui kungoja:
hata mshenga hodari angerudisha posa.

Nikanunua kisanduku cha kutafsiri.
Picha ikaja imevimba,
herufi zimelowa kama wino mvuani,
na mpira nilioupiga leo ukaruka kesho.
Nikakirudisha dukani.
Kwenye gulio la Jumapili Szilárd akaniuzia
runinga ya mlinzi wa kiwanda cha chuma,
kijani tupu,
ikafuka moshi kabla chai haijachemka.

Mtafutaji hachoki, husema.
Mimi nimechoka mara tatu, niandikieni.

Halafu, ghorofa ya nne, kwa Bi Ibolya,
nimepanda kumtengenezea bomba tu,
nikaiona: mgongo mkubwa, uso wa inchi kumi na nne,
na kichwani vyungu vitatu vya jeraniamu.
"Inawaka?"
"Sijui. Tangu mume wangu afe, inabeba maua."
"Nipe hii, nikupe yangu bapa."
Akacheka mpaka akashika meza.
"Hiyo yako itabebea wapi chungu?"

Nikamchongea kigoda cha miguu mitatu.
Ndiyo ikawa bei.

Mjukuu wake Bence, miaka tisa,
akanishushia waya na rimoti isiyo na betri;
uzito wote nikabaki nao mimi, ngazi kwa ngazi.
Tukawasha. Giza. Nukta.
Kisha mwanga ukatambaa hadi pembeni,
na kile kimraba kikaanza kupepesa,
kinasubiri kuambiwa neno.

Bence akaziba masikio. "Inapiga mluzi!"

Sikusikia kitu.

Nami niliwahi kuwa na masikio hayo.
Nikitoka shule, ningali mlango wa chini,
niliusikia mluzi huohuo ukipenya zege,
nikajua kaka kaniwahi, ameshaanza bila mimi,
nikapanda ngazi mbilimbili na begi likinipiga kiunoni.

Nimeinama, sikio kwenye plastiki yenye joto.
Vumbi linaungua kidogo. Harufu ya udongo wa maua.
"Bado inalia?"
"Inalia. We husikii?"
"Basi kaa hapo," nikamwambia.
"Ikinyamaza, uniambie."