Hamsini na Nane

Lenzi ya kwanza niliikuta na kuvu,
utando mweupe ndani ya kioo, kama mizizi ya uyoga
iliyokosa gogo.
Tukuyu mvua haiji, huwa imeshafika,
na kila kilichofungiwa kabatini huota kitu:
viatu, Biblia, koti la harusi la baba,
na hii kamera ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia.

Subilaga, aliyekuwa na studio nyuma ya soko
kabla simu hazijamfungia mlango,
aliifungua kwa bisibisi ya saa,
akaipangusa kwa pamba na spiriti,
kisha akaizika kwenye ndoo ya mchele wa Kyela
siku tisa.
Siku zote hizo kwake tulikula ndizi.
Mchele ulikuwa kazini.

"Hii ni hamsini na nane," alisema. "Haivuti mtu.
Ukitaka uso uwe mkubwa, una miguu."

Mimi nilitamani ile ndefu, mia na thelathini na tano,
iliyoning'inia msumarini kama mchi.
Nikaiazima. Nikajibanza nyuma ya mgomba
nikawavuta wachuma chai wa Kyimbila mmoja mmoja.
Picha ziliposafishwa, wote walikuwa wazuri
na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama.
"Umewaiba vizuri," alisema Subilaga,
akairudisha lenzi msumarini.

Nikajifunza tundu.
Likiachwa wazi kwenye mbili, ukope mmoja unabaki duniani
na Mlima Rungwe mzima unayeyuka kama siagi.
Likibanwa hadi kumi na sita, kila kitu kinadai haki yake:
jani, kidole, bati, mbwa wa jirani.
Nikajifunza kwamba saa moja asubuhi, ukungu ukishuka,
sindano ya mwanga husema uongo.
Inaona weupe, inadhani jua,
inakurudishia watu weusi kama masizi.
Fungua hatua moja zaidi. Kisha omba.

Nilimwambia lugha yetu inashangaza:
picha tunaipiga kwanza, ndipo tunaisafisha.
"Na mwanga ukiingia," akajibu, "tunasema imeungua.
Usitafute falsafa. Zungusha pete."

Ilibaki picha moja, ya thelathini na sita.
Mama alikuwa anamenya magimbi mlangoni.
Nikapiga hatua, nikapiga nyingine,
mpaka nusu mita, pete ikagota.
"Ugonile," alisema, "unataka kuingia mwilini mwangu tena?"
Akainamisha kichwa akicheka. Nikabonyeza.

Macho yake niliyakosa kwa upana wa punje.
Yako pale, laini, kama yanayotazama kupitia mvuke.
Kilichokaa sawasawa, kikali hadi kinyweleo,
ni paji la uso, na juu yake mfereji mwembamba
ulioachwa na mkanda wa kikapu cha chai,
kazi aliyoiacha mwaka nilioanza shule.
Miaka yote nimelibusu paji hilo
na sikuwahi kuuona.

Mama alilishika karatasi kwa ncha za vidole.
"Kumbe bado upo," alisema. Akarudi kwenye magimbi.

Subilaga aliandika nyuma yake kwa penseli:
tundu mbili, nusu mita, fokasi imepotea.
Sikumbishia.
Niliuliza tu bei ya mkanda mwingine.