Ongeza Tatu

Kitabu kinasema kumi na mbili.
Mwandishi wake, nadhani, anakaa usawa wa bahari,
na friji yake haijui mgao wa umeme.

Mimi niko Uwemba, Julai,
chumba cha uani, bati linatoa jasho la ukungu,
pipa la chuma juu ya matofali mawili
kama mgonjwa aliyepandishwa kwenye mizani.

Pipa la kwanza nilikiamini kitabu.
Kipaimara cha Oresta, wageni wamejaa,
bia ikatoka kimya, haina hata povu la aibu.
Mjomba Mgaya akainua glasi kwenye mwanga:
"Umetupikia chai, baba. Sukari iko wapi?"
Watu wakarudi kwenye ulanzi,
ambao hujichachia bila kuuliza mtu.

Mwalimu Kaduma alinichorea nyuma ya risiti ya mbolea:
geji haipimi yote, inapima ziada tu,
inaanza kuhesabu hewa ya nje inapokomea.
Pwani hewa inakandamiza kwa pauni kumi na nne na ushee.
Huku juu, mita elfu mbili, ni kumi na moja na nusu:
mbingu inatugusa kwa mkono mwepesi.
Toa. Zinabaki tatu.
"Hilo ni deni lako," akasema,
"kitabu hakikukudai kwa sababu hakikujui."

Na kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe:
kumi na mbili ni ya baridi ya friji, nyuzi nne.
Baridi yetu, pamoja na majivuno yake yote,
ni nyuzi kumi.
Nataka kila lita imeze lita mbili na nusu za gesi.
Kidole kwenye jedwali, mstari wa kumi:
kumi na saba.
Ongeza tatu.

Mama anapita na debe la kangala kichwani.
"Bado unahesabu? Yangu imeshanyweka."

Nikapaka sabuni kwenye maungio, nikasikiliza.
Siku nane. Usiku naamka kutazama mshale
kama mtu mwenye ndama mchanga.

Siku ya tisa povu lilipanda,
likasimama vidole viwili, likagoma kushuka.
Mgaya alikunywa, hakusema neno,
akanyoosha tena glasi.

Nikachukua penseli. Pembeni mwa jedwali nikaandika:
Uwemba, nyuzi kumi, ishirini.
Nikaonja tena.
Nikafuta. Ishirini na nusu.