Vipimo vya Penseli

Jikoni kwangu, Tudor, nyumba ya chini ya vigae vyekundu,
watu wawili wakiingia mmoja sharti atoke kinyumenyume.
Futi nane kwa sita. Nimeipima kwa nyonga zangu
miaka thelathini na mmoja: nyonga ya kushoto droo,
ya kulia mtungi wa gesi, kisogo mlango wa kabati
usiofunga tangu mvua za mwaka ule.

Rukiya alipiga simu kutoka Maskati:
Mama, bomoa. Pesa natuma.
Akatuma na picha, jiko jeupe kama wadi ya wazazi,
halina hata kitunguu.

Basi akaja fundi Nyale na tepu kiunoni,
na kijana wake Kazungu wa kubeba kifusi.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio
kama mkunga. "Mawe ya tumbawe haya, mama.
Nyumba hizi hazikujengwa, zilichimbwa."
Sikumwelewa, lakini nilimpa chai.

Nikahamia uani na jiko la makaa.
Kinu kikakaa sebuleni kando ya runinga, mgeni asiyezungumza.
Mbuzi wa nazi nilimtia chini ya kitanda;
usiku naamka kwenda msalani, akaning'ata mguu.
Birika nililitafuta siku mbili, limo kwenye kapu la nguo chafu.
Na vumbi la chokaa likala nasi chakula cha mchana,
likatutangulia kwa bismillahi.

Siku ya tatu wakang'oa kabati.
Nyuma yake rangi ya kijani ya wenyewe wa kwanza,
chini yake manjano, chini yake masizi,
mende mmoja mzee aliyekauka, miguu juu, kama aombaye dua,
na penseli.

Mwandiko wa Twalib naujua. Saba yake ina mshipi kiunoni.
120 kwa 37. Rafu tatu. Ijumaa.
Amepiga na mstari.

Ijumaa!
Rafu hiyo niliidai miaka kumi na mmoja.
Twalib, sufuria zinakaa sakafuni. "Ijumaa, mama Rukiya."
Twalib, mamako anakuja. "Ijumaa, nikitoka msikitini."
Nikamwambia mbele ya dada zake
kwamba hajui hata upana wa jiko linalomlisha.
Alinyamaza, akalamba kijiko.

Kumbe alikuja na penseli. Mimi nilikuwa wapi?
Kongowea sokoni? Kwenye matanga ya nani?
Alipiga magoti hapa, ncha ya kamba kaing'ata kwa meno,
mtu mwenye goti bovu,
kisha kabati likaletwa, kubwa kuliko tulivyoagiza,
likafunika.

Nyale alikuwa keshachota plasta.
Nikasema ngoja.
Akangoja. Nikasema: nipigie rafu kwa vipimo hivi.
Akanyoosha tepu, akanyoosha tena, akakuna kidevu.
"Mama, huyu mzee alisahau unene wa ubao.
Patabaki pengo la inchi mbili hapa mwisho."
Liache.
"Na vigae?"
Vigae vifuate pengo.

Rukiya alipoona picha akauliza mbona pamepinda.
Nikamwambia, babako ndiye aliyepima.
Simu ikanyamaza kitambo, halafu akauliza
kama granaiti imefika.

Imefika. Nyeusi, baridi, naiogopa kuiwekea sufuria.
Sinki jipya latazama dirisha na mpapai wa jirani;
bomba lang'aa, maji hayana habari,
yatakuja Jumanne usiku yakipenda yenyewe.

Lile pengo nimelitia sinia la harusi yangu,
ambalo halikuwahi kuwa na pake: leo nyuma ya mlango,
kesho juu ya mtungi, likianguka saa tisa za usiku
tukaamka sote tukidhani mwizi.
Halikuingia lote. Ukingo umetokeza,
na kila nikipita kuchukua chumvi
hunikwaruza nyonga ya kushoto.