Nambari Arobaini na Moja

Kitambi changu, Kamalondo walikiita cheo.
Shemeji alikigonga kama ngoma: «Umefika!»
Ini, chini yake, likajaa mafuta kimyakimya,
halikuuma, halikudai.

Sasa kila Jumatano, nyuma ya stesheni,
Dada Mwadi ananihesabia vidonge vya majaribio.
Nusu yetu tunameza dawa, nusu unga mtupu;
hata yeye hajui nani kapewa nini.

Mkanda umeingia matundu mawili.
«Ni dawa,» asema mke wangu.
Labda. Au bukari niliyoacha usiku. Au woga.

Mlima mweusi wa kiwanda unanitazama:
nao ulinenepa kwa jasho la baba,
hakuna aliyeupima.

Dada, nikiwa wa unga,
andika hivyo daftarini,
uongeze: alikuja kila Jumatano.